Rangi ya Fundi Haijakauka

Alikojifunza ufundi sijui. Nilipomuuliza alisema alifundishwa na kutu, na kwamba hajawahi kuona mwalimu mkali kama huyo. Alitoka wapi kabla ya kufika Ngonga, nani alimzaa, hayo waliyajua wakubwa wake na wote wameshakufa. Sisi tulimwita Fundi, basi, kana kwamba watu wengine wote walioshika spana kutoka Kyela mjini mpaka Ipinda walikuwa wanajaribu tu.

Kiwanja chake kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Ipinda. Bati chache juu ya nguzo, migomba nyuma, na waya ndefu zilizofungwa kutoka mkakao mmoja hadi mwingine. Kwenye waya hizo alianika vyuma. Springi, bawaba za milango, vishikizo vya betri, mikono ya usukani, kila kimoja kimening'inia peke yake, kimepakwa rangi nyekundu ya msingi au nyeusi, kikizunguka taratibu upepo wa ziwani ulipokipata. Wanawake waliotoka kusaga walikuwa wakimtania.

"Fundi, leo umefua?"

"Nimefua. Bado kupiga pasi."

Mkewe hakutania. Alikuwa mama mfupi aliyepika pombe ya kimpumu na kuuza, na aliwaambia wateja wake waziwazi kuwa mumewe anaosha vyuma kuliko anavyooga. Fundi alisikia, maana nyumba na kiwanja vilitenganishwa na ua wa matete tu, na alijibu kutoka upande wa pili, "Chuma kikioga hakinungʼuniki kuhusu sabuni."

Anayeishi kwetu anajua kwa nini mtu anaweza kupoteza maisha yake akipigana na kutu. Kyela mvua hainyeshi, inamwagwa. Jembe ukiliegemeza ukutani jioni likiwa jeupe, asubuhi limeota wekundu. Watu wengine walilikubali jambo hilo kama walivyokubali mbu. Fundi hakulikubali. Ukimpelekea chombo cha gari kilicholiwa mpaka hukijui kilikuwa nini, alikigeuza mkononi, akakinusa, akasema, "Nani kakwambia kimekufa?" Hapo alikuwa ameshakasirika, kama vile umemsingizia mgonjwa wake.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya maji ya kakao. Unapovunja kakao na kuzirundika mbegu chini ya majani ya mgomba ili zipate kuchacha, ule ute mweupe unayeyuka na kuchuruzika maji makali ya kuwasha. Kila nyumba iliyaacha yaende ardhini. Fundi aliyataka. Aliyajaza kwenye pipa lililokatwa, akatumbukiza vyuma vyenye kutu, akaviacha vilale. Maji yalichemka povu dogo dogo, na kutu iliachia kama ganda la ndizi iliyoiva. Kisha alivitoa, akavisugua kwa brashi ya waya, akaviosha kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi ili ule ukali uishe, akavianika kwenye bati la moto. Vya ndani, visivyoonekana, alivipasha motoni na kuvizamisha kwenye oili chafu mpaka vikatoka vyeusi, weusi wa kudumu. Vya nje alivipaka rangi. Nilikuwa nampelekea ndoo ya maji ya kakao kila tulipovunja, na yeye alipokea kwa mikono miwili akanishukuru, "Ndaga, binti," kisha akanisahau nikiwa nimesimama pale pale.

Niliacha shule darasa la sita, mama alipofariki, mdogo wetu wa mwisho akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi ndiye mkubwa. Baada yangu ni Ambakisye, kisha wadogo wawili. Baba alikuwa na Landrova ya zamani aliyobebea mpunga wa watu kutoka mashambani hadi mashineni Ipinda, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Ilipochoka aliipeleka kwa Fundi. Hakutaka kutengenezewa kidogo kidogo. Alisema, "Ifungue yote. Nataka iwe kama ilivyotoka kiwandani."

Kumwambia Fundi maneno hayo ilikuwa sawa na kumwambia mlevi akulindie mtungi. Aliifungua mpaka nati ya mwisho. Mwili wa Landrova ile haukuwa na kutu, maana bati lake si la chuma, lakini mifupa yote ilikuwa imeliwa. Fundi alilala chini yake akachungulia kwa kurunzi, akatoka akiwa na furaha usoni kama mtu aliyepata barua ya mwanawe. "Tata," alimwambia baba, "hapa kuna kazi."

Rangi yake ya asili aliitafuta mwenyewe. Gari lilikuwa limepakwa mara nyingi juu kwa juu, bluu, kisha kijivu, kisha rangi fulani ambayo sijui niiiteje. Fundi alifungua bawaba ya mlango, akakwangua kwa kisu nyuma yake, mahali pasipofika brashi ya mtu mvivu, na pale akakuta kijani iliyopauka. Alimwita baba aje aone. Wakasimama wawili wakitazama mahali padogo kama ukucha. Baba akasema hakuwahi kujua kama gari lake ni la kijani.

Fundi alikuwa na dharau nyingi. Hakuwapenda watu waliochanganya rangi na petroli ili ikauke haraka. Alisema rangi iliyoharakishwa hubanduka kwa haraka ile ile. Hakuruhusu mtu kupima rangi kwa ncha ya kidole, kwa sababu kidole kina mafuta na kitaacha alama. Yeye alipima kwa nyuma ya kifundo cha kidole, kwa kugusa tu, kisha alinusa kifundo kile. Akikunja uso, ilikuwa haijakauka. Ungeweza kuapa kuwa imekauka, ungeweza kuonyesha jua lilivyo kali, hakuna kitu. "Haijakauka," na anarudi kwenye kiti chake.

Na hakuwa mtu mnyoofu, nisije nikampamba. Alimwambia kila mteja kuwa kazi itakuwa tayari Jumamosi bila kusema Jumamosi ipi. Alikataza watu kuvuta sigara kiwanjani kwa sababu ya petroli, na yeye mwenyewe alikuwa na kiko mdomoni akikataza. Hakuomba radhi hata alipokosea mchana kweupe. Mkewe aliniambia kuwa katika ndoa yao yote radhi aliyopata ni siku moja Fundi alipomwagia chungu chake oili, akamnunulia kingine, akakiweka mlangoni na kuondoka bila kusema neno.

Miaka ile ambayo madukani hapakuwa na kitu, watu walimheshimu sana. Rangi ilikuwa haipatikani. Alivuka mto Songwe kwenda upande wa Malawi na kurudi na kopo ndani ya gunia la chumvi, au alikwenda bandarini Itungi kubadilishana mchele na masalia ya rangi kwa mabaharia aliofahamiana nao. Rangi ya meli ilikuwa ya kijivu, kwa hiyo kwa muda mrefu magari yote yaliyopita mikononi mwake yalikuwa ya kijivu tumboni. Madereva walicheka kuwa wamevaa nguo za ndani za meli.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Ghafla maduka ya Kyela mjini yalijaa spea mpya ndani ya maboksi yenye picha, na pikapu zilizotumika Ujapani zikaanza kushuka kutoka Mbeya zikiwa zinang'aa. Watu hawakuona tena haja ya kuoshewa boliti ya zamani wakati mpya ipo kaunta. Fundi alizichukia zile boliti mpya. Alizibana kwenye jiliwa, akazikunja mbele ya watu, akasema ni laini kama uji wa mgonjwa. Lakini siku hizo hizo alivaa shati la mitumba lenye maua makubwa ya manjano, na alipenda shati lile mno, na tulipomuuliza mbona hili la nje analipenda, alisema, "Shati halibebi mpunga."

Sasa niseme kuhusu misiba, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa.

Kwetu msiba ni kazi ya wote. Mtu akifa mnaacha mlichoshika, mnakwenda, mnakaa. Asiyekaa anakumbukwa. Zamani, kabla hajazeeka, Fundi alikwenda msibani Ipinda akiwa ameacha vyuma ndani ya pipa la maji ya kakao, na katika vyuma hivyo, kwa haraka ya kuitwa, alikuwa ametupia kabureta ya mtu. Kabureta si chuma cha kawaida, na maji yale yanaila. Msiba ulichukua siku zake kama misiba inavyochukua. Aliporudi akaikuta imekuwa kama mkate uliopitiwa na mchwa. Alihadithia mwenyewe habari ile, akicheka, lakini kuanzia siku ile hakuacha tena kitu ndani ya pipa akienda msibani. Alikitoa, akakiweka kwenye ndoo, akaenda nacho. Ungemwona amekaa nyuma ya wanaume wengine, ndoo katikati ya miguu, akisugua polepole kwa brashi ya waya. Wengi waliona ni aibu. Wachungaji walimsema. Aliinamisha kichwa mpaka wakamaliza, akaendelea.

Baba alipofariki, kifua kilipomzidi, Fundi alikuja na ndoo.

Nakumbuka sauti ile. Wanawake tulikuwa ndani tukilia, na tulipopumzika kulia nilisikia huko nje, kwa mbali, brashi ikikwangua. Baba mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja, alimwendea. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa maneno mengi na viatu vizuri.

"Fundi, huoni haya? Hapa ni matanga, si gereji."

"Naona haya," Fundi alisema.

"Basi weka ndoo hiyo."

"Ni boliti za marehemu. Za wavu wa mbele. Aliniambia nizirudishe zile zile, nisiweke mpya."

Baba mdogo alirudi kwenye kiti chake. Fundi alikaa nasi mpaka matanga yalipovunjwa, na boliti zile zikatoka nyeupe kama sarafu.

Baada ya kuvunja matanga wazee wa ukoo walikaa kikao. Mimi niliruhusiwa kukaa mlangoni kwa kuwa ni mkubwa wa watoto. Kwa desturi yetu ndugu wa marehemu ndiye anayeshika mali na kuwalea watoto, na sina ubaya na desturi hiyo inaposhikwa na mtu mwenye moyo. Lakini baba mdogo alikuwa ameshashika ng'ombe wa babu na ng'ombe wale hatukuwaona tena. Tulijua wote kuwa akiipata Landrova itaishia Mbeya kwa mnunuzi. Na tulijua kitakachofuata. Bila gari hapatakuwa na nyumba. Ambakisye atakwenda kwa shangazi, wale wawili watavushwa mpaka kwa mjomba wetu Karonga, na mimi nitaolewa haraka na yeyote atakayetokea. Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hatutatawanyika. Nilikaa pale mlangoni nikiishika ile ahadi na nisijue niiweke wapi.

Mzee aliyeongoza kikao alisema gari litakuwa chini ya baba mdogo. Fundi, ambaye aliitwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa na gari, alinyanyua mkono kutoka nyuma.

"Tata, naomba kuuliza. Nimkabidhi likiwa vyuma au likiwa gari?"

Wazee walitazamana. Mmoja alicheka kidogo.

"Likiwa gari," mzee alisema. "Atafanya nini na vyuma? Likikamilika, apewe."

"Likikamilika," Fundi alirudia.

"Ndiyo. Likikamilika."

"Nimesikia, tata."

Aliponipita mlangoni aliniambia, "Mama, kesho mnavunja kakao?" Hakuwa amewahi kuniita mama kabla ya siku hiyo, na hakuniita binti tena.

Kuanzia hapo Fundi alipunguza mwendo, yeye ambaye hata mwanzo hakuwa nao. Baba mdogo alikuja baada ya mavuno.

"Gari la kaka limefikia wapi?"

"Linakwenda."

"Linakwenda wapi na halina magurudumu?"

"Linakwenda vizuri. Nangoja rangi ya msingi ikauke."

Alikuja tena masika yalipoanza. Haijakauka. Alisema mbona mara ile pia ilikuwa haijakauka. Fundi alimjibu kwa upole kuwa ile ilikuwa ya ekseli, na hii ni ya springi. Masika yalipokwisha, Fundi aligundua kwamba ile rangi ya springi ilikuwa imeingia unyevu, ikabidi aikwangue yote aanze upya. Baba mdogo alitukana. Fundi alimletea kiti.

Sisi watoto tuliteseka naye vile vile. Nililima mpunga wa watu, nikauza ndizi mnadani, na kila nilipopeleka ndoo ya maji ya kakao nilitazama waya zile na kuona vyuma vya baba vimening'inia. Ambakisye alikuwa anakua na hasira zake.

"Dada, huyu mzee anatuibia. Anauza kimoja kimoja, utaona. Siku moja utakuta amebaki na usukani tu."

"Vyote vipo. Nimeviona."

"Basi kwa nini hafungi?"

"Anasema rangi haijakauka."

"Rangi gani isiyokauka? Anapaka uji?"

Lakini jambo moja nililiona. Baba mdogo akiwa yupo kiwanjani, Fundi alikuwa hana haraka, anatafuta kiko, anatafuta kiberiti. Baba mdogo akishaondoka, alirudi kwenye Landrova na mikono yake ilikwenda kama ya mtu anayepigania chakula. Fremu aliiunga, akaisugua, akaipaka mara tatu, ndani na nje, mpaka kwenye matundu ambayo hakuna jicho litakalofika. Kila boliti aliirudisha ilipotoka. Gari lilikuwa linajengeka chini ya turubai huku juu ya waya vikiwa vimebaki vyuma vingi vya kuonekana, na baadaye nilitambua kuwa vingine si vya Landrova kabisa.

Kilichotusaidia ni kile kile Fundi alichokitukana. Baba mdogo alipata pikapu ya Kijapani, nyeupe, yenye redio inayosikika mpaka shule ya msingi. Alipita nayo mbele ya kiwanja akapunguza mwendo.

"Fundi, baki na makumbusho yako!"

"Asante, bwana," Fundi alisema, na sikumbuki siku nyingine aliyoshukuru Ujapani.

Mwezi haukuisha, akaniita. Turubai lilikuwa limeondolewa. Landrova ya baba ilikuwa ya kijani kutoka mwanzo mpaka mwisho, ile kijani ya nyuma ya bawaba, na ilisimama juu ya magurudumu yake. Nilizunguka nikiigusa kwa nyuma ya kifundo cha kidole, kwa kuwa niliogopa kukaripiwa. Nilipofika mbele nikakuta rejeta iko wazi. Ule wavu wa chuma unaoikinga, ulio kati ya taa, haukuwepo.

"Na wavu, Fundi?"

"Haujakauka."

"Nitakuja kuuchukua lini?"

"Mama, ufunguo huo. Ambakisye anajua kuendesha, namwona anavyoiba pikapu za watu mnadani. Bebeni mpunga wenu. Ila mtu akikuuliza, gari halijakamilika."

Alinitazama. Alikuwa na macho mekundu ya moshi na rangi, na hakuwa na kawaida ya kumtazama mtu usoni. Nikaelewa. Nikasema, "Halijakamilika, tata." Nilipiga goti nikamshukuru, ndaga fijo, naye akaanza kutafuta kiko chake.

Tulifanya kazi na gari lisilo na wavu. Nilifunga kipande cha chandarua mbele ya rejeta kuzuia wadudu na mapumba. Watoto wa barabarani waliliita Kibogoyo. "Kibogoyo anakuja!" walipiga kelele, na wanawake wenye magunia walisimama wakijua usafiri umefika. Ambakisye aliendesha, mimi nilikaa kando na kupanga mizigo, na wadogo zetu walisoma, wakiwa wanalala chini ya paa lile lile walilozaliwa. Ambakisye aliona haya kwa lile jina. Mara mbili alitaka kununua wavu mpya mjini na mara zote mbili nilimkatalia. Alidhani ni ubishi wangu. Yeye ni mtu wa kusema kila kitu alicho nacho moyoni, kwa hiyo nilimwacha adhani.

Pikapu ya baba mdogo haikudumu. Barabara zetu wakati wa mvua si za kila gari, naye hakuwa mtu wa kuosha kitu chini. Ililiwa kutoka sakafuni, siku moja miguu yake ikaona barabara. Biashara nayo ilikuwa imemgeuka. Alikuja kwetu asubuhi, amevaa vile viatu vizuri vikiwa vimeshapasuka, na alifuatana na yule mzee aliyeongoza kikao, ambaye sasa alitembea kwa fimbo.

"Wanangu," alisema, "nimewaacha mkalitumia gari miaka yote hii, sikusema neno. Sasa nalihitaji. Neno la ukoo mnalijua."

Ambakisye alifungua mdomo. Nilimshika mkono. Nikamtuma mtoto wa jirani amwite Fundi, na tukangoja hapo uani, mzee akinywa maji niliyompa.

Fundi alikuja akiwa na shati lake la maua, limepauka. Akasalimu kwa heshima, "Mugonile tata," akasimama pembeni.

Mzee wa kikao alizunguka gari. Alizunguka polepole, akigonga tairi kwa fimbo, akachungulia ndani, akaja mbele. Alitazama kile kipande cha chandarua, na rejeta nyuma yake.

"Hapa pana nini?"

"Pana wavu, tata," Fundi alisema.

"Siuoni."

"Uko kwangu. Rangi haijakauka."

Baba mdogo alicheka kicheko cha hasira. "Mzee, unamsikia? Miaka yote hii! Hata ziwa lingekuwa limekauka!"

Mzee hakucheka. Alimtazama Fundi, akanitazama mimi, akawatazama wadogo zangu wawili waliokuwa wamesimama na sare zao za shule mlangoni, wakijua kitu kinachoamuliwa bila kuambiwa. Kisha alirudisha fimbo yake chini.

"Tulisema likikamilika," alisema. "Mimi mwenyewe nilisema. Gari hili halina wavu."

"Lakini linatembea!"

"Hatukusema likitembea."

Akaomba maji mengine. Baba mdogo alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelala, akashika kichwa. Nilimhurumia, sitaficha. Siku ile Ambakisye alimbeba mpaka kwake kwa gari lile lile, bila nauli, na tangu hapo tulikuwa tunampelekea mchele kila mavuno. Hakudai tena. Ambakisye aliporudi jioni alizima injini, akasema akiwa bado kwenye usukani, "Na mimi nilimwita mwizi." Nikamwambia aje ale.

Fundi hakulizungumzia jambo lile na mimi sikulizungumzia. Nilifikiri siku moja nitamwuliza. Lakini macho yake yalianza kuondoka, kiwanja kikaota majani, zile waya zikabaki na nguo za kawaida, na binti yake akaja kumchukua yeye na mkewe wakaishi naye karibu na Itungi, mahali ambapo usiku unalisikia ziwa.

Mara ya mwisho niliyomtembelea ni baada ya masika, nimeendesha mwenyewe, maana Ambakisye sasa ana gari lake. Nilimkuta nje, amekaa kwenye mkeka, anasuka kamba kwa kupapasa. Alilisikia gari kabla sijalizima.

"Valvu moja inalia," alisema.

"Nimeisikia, tata. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Ngonga wazima?"

Nilimpa habari za mavuno, za kakao, za nani kaoa na nani kahama. Mkewe alileta chai. Fundi aliuliza kuhusu watu mmoja mmoja, na mwisho akauliza, "Na baba yako mdogo?"

"Tumemzika masika haya. Tulikaa mpaka matanga yakavunjwa, sisi wote wanne. Jeneza tulilibeba kwa Landrova."

"Mlifanya vizuri. Alikuwa baba yenu."

"Ndiyo."

"Na wale wazee wa kikao?"

"Hayupo hata mmoja, tata. Sasa kikao kikiitwa, wananiita mimi na Ambakisye."

Aliendelea kusuka kamba mpaka mwisho wa ule mshipi aliokuwa ameanza, akaukaza kwa meno, akauweka kando. Akamwita mkewe.

"Mama, kile kitu chini ya kitanda."

Mkewe alitoka na kitu kimefungwa kwa gunia la mchele, akakiweka magotini mwa mumewe bila kuuliza ni kipi, kwa hiyo alijua miaka yote. Fundi alifungua kamba. Wavu ulikuwa wa kijani, kila uzi wake wa chuma umepakwa peke yake, hakuna mahali rangi ilipoganda wala kuchuruzika. Ndani ya gunia kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa zile boliti za msibani, zimepakwa mafuta ya taa na nta, nyeupe vile vile.

Aligusa wavu kwa nyuma ya kifundo cha kidole. Akanusa. Mkewe na mimi tulingoja.

"Imekauka," alisema.

Aliniambia niufunge mwenyewe. Alishika upande mmoja kwa viganja vyake huku mimi nikikaza, na kila boliti iliingia kwa vidole tu mpaka karibu na mwisho, kama vile imetoka jana. Nilipomaliza alipitisha mkono juu ya wavu, kutoka taa moja hadi nyingine, akarudi kwenye mkeka wake na kuuliza kiko chake kiko wapi.

Nilirudi kwa mwendo mdogo. Pale njia panda ya Ngonga walikuwa wamekaa wanawake wenye magunia, walionizoea kwa miaka mingi, na watoto wao kando yao. Nilipunguza mwendo, nikapiga honi. Hawakusimama. Walikuwa wakitazama nyuma yangu, wakimngojea Kibogoyo.